Jinsi ya Kupima Mwaliko wa Jaribio la Tiba ya Jeni Inayozuia Saratani ya Kibofu Isirudi

Saratani ya kibofu cha mkojo inayogunduliwa mapema huondolewa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo bila kupasua tumbo, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Taabu yake kubwa huja baadaye. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, mara mahali pale pale, mara upande wa pili wa kibofu, na kila unaporudi mgonjwa huanza upya habari za kamera, ganzi na kukwanguliwa. Kwa sababu hiyo watafiti nchini Marekani wanachunguza kama tiba ya jeni, yaani dawa inayotumia kirusi kupeleka jeni ndani ya seli, ambayo aina yake mojawapo imekwisha kuidhinishwa huko kwa wagonjwa wenye hali ngumu zaidi, inaweza kutolewa mapema ili kuzuia kurudi huko kwa wale ambao ugonjwa wao umepangwa katika daraja la hatari ya kati. Jaribio mojawapo linaitwa ABLE-32, na dawa inayochunguzwa humo ni nadofaragene firadenovec. Jingine linaitwa PIVOT-006, na dawa yake ni cretostimogene.

Mwongozo huu umekusudiwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani, au mwenye mzazi anayetibiwa huko, ambaye daktari amemkabidhi karatasi za jaribio la namna hii na kumwambia akazisome nyumbani. Hauchukui nafasi ya daktari. Unaonyesha mambo ya kukagua kabla ya kutia sahihi, kwa mpangilio ninaouona unafaa: ugonjwa kwanza, kisha dawa, kisha swali ambalo jaribio linauliza, na karatasi mwishoni. Watu wengi huanza na karatasi, na kwa kuwa mara nyingi ni kurasa nyingi zilizojaa maneno ya kisheria, huchoka kabla hawajafika kwenye jambo lenyewe.

Soma kwanza ripoti ya patholojia

Omba nakala ya ripoti ya patholojia ya upasuaji wako, yaani majibu ya maabara kuhusu vipande vilivyokatwa kibofuni. Ni haki yako kuipata, na katika hospitali nyingi za Marekani huwekwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni, pengine hata kabla daktari hajakupigia simu. Ndani yake angalia kwanza hatua ya ugonjwa. Ta maana yake ni kwamba uvimbe umebaki katika utando wa ndani kabisa wa kibofu. T1 maana yake umeshuka hadi tabaka lililo chini ya utando huo lakini haujaugusa msuli. CIS ni saratani bapa, isiyochomoza kama vile vinyama vingine bali hutandaa juu ya utando, na ingawa haijachimba chini huhesabiwa kuwa ya hatari kubwa. Takriban robo tatu ya saratani za kibofu hukutwa zikiwa bado hazijaingia katika msuli, na majaribio tunayoyazungumzia hapa yanawahusu watu hao tu.

Kisha tazama daraja la seli, yaani kama ni la chini (seli bado zinafanana na za kawaida) au la juu (zimebadilika sana na ni kali zaidi). Baada ya hapo kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hulipita bila kulitilia maanani: je, sampuli iliyopelekwa maabara ilikuwa na msuli ndani yake? Ripoti nzuri huandika wazi kwamba msuli upo na haujavamiwa. Ikiwa imeandikwa kwamba msuli haukuonekana, basi hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba ugonjwa haujafika huko, na daktari makini huenda akataka kuingia tena kukwangua mahali pale pale baada ya wiki chache, hasa kwa ugonjwa wa T1 au wa daraja la juu. Usikubali mazungumzo yoyote ya jaribio yaendelee kabla ya jambo hili kukamilishwa, maana dawa ya kuzuia ugonjwa usirudi haina maana kwa mtu ambaye ugonjwa wake haujaondolewa wote.

Hatari ya kati, kwa utaratibu wa Chama cha Madaktari wa Mfumo wa Mkojo cha Marekani, inajumuisha watu wa namna kadhaa: mwenye uvimbe wa Ta wa daraja la chini uliorudi ndani ya mwaka mmoja, mwenye uvimbe mmoja wa aina hiyo unaozidi sentimita 3, mwenye vivimbe vingi vya aina hiyo kwa pamoja, mwenye uvimbe mmoja mdogo wa Ta wa daraja la juu, na mwenye T1 ya daraja la chini. Mwulize daktari wewe umeingia kwa mlango upi kati ya hiyo. Majedwali yaliyochapishwa mwaka 2006 na Shirika la Ulaya la Utafiti na Tiba ya Saratani yanaonyesha kwamba uwezekano wa ugonjwa kurudi ndani ya mwaka mmoja ni kati ya asilimia 15 na 61, na ndani ya miaka 5 ni kati ya asilimia 31 na 78, kutegemea idadi ya vivimbe, ukubwa wake, historia ya kurudi na mambo mengine machache. Tofauti kati ya 15 na 61 ni kubwa mno kwa mtu kuridhika na kuambiwa tu kwamba “huwa inarudi.” Omba uambiwe wewe uko upande gani.

Wasomaji waliokulia Unguja, Pemba, mwambao wa Kenya na Tanzania au sehemu nyingine zenye kichocho cha mkojo wanapaswa kumtajia daktari jambo hilo hata asipowauliza, kwani madaktari wengi wa Marekani hawajawahi kukutana nacho. Kichocho cha muda mrefu huleta saratani ya kibofu, lakini mara nyingi ni ya aina nyingine, inayotokana na seli bapa zilizozaliwa na mwasho wa miaka mingi, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuingia msulini. Majaribio haya yanawatafuta wenye saratani ya utando wa kawaida wa njia ya mkojo. Ripoti ya patholojia itataja ni aina ipi.

Ifahamu dawa na mahali inapofanyia kazi

Kuweka kitu ndani ya kibofu ili kuamsha kinga ya mwili si jambo geni. Mwaka 1976 Alvaro Morales na wenzake huko Kingston, Kanada, walichapisha habari za wagonjwa wachache waliowekewa BCG kibofuni, ile ile chanjo ya kifua kikuu iliyotuachia wengi wetu kovu mkononi, na hadi leo BCG ndiyo tiba ya kwanza kwa wenye hatari kubwa. (Kovu la utotoni halikukingi na saratani ya kibofu, wala halihesabiwi kuwa umekwisha kupata tiba hiyo, kinachohesabiwa ni dozi zilizowekwa kibofuni.) Lakini wapo ambao BCG haiwasaidii, na kwa hao ndipo tiba ya jeni ilipopata nafasi yake ya kwanza. Tarehe 16 Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha nadofaragene kwa watu wazima wenye CIS ya hatari kubwa isiyoitikia BCG.

Dawa hiyo ni kirusi cha adeno cha aina ya 5, ndugu wa virusi viletavyo mafua, kilichonyang’anywa jeni za kukiwezesha kuzaliana na kupewa jeni ya binadamu inayotengeneza interferoni alfa-2b. Interferoni ni protini ambayo mwili wenyewe huitoa unaposhambuliwa, na madaktari walikwisha kujaribu kuiweka kibofuni ikiwa tayari imetengenezwa, lakini ilitoka na mkojo upesi mno kiasi kwamba seli hazikupata muda wa kutosha kukaa nayo. Kwa njia ya jeni, seli za utando wa kibofu hupewa maelekezo na kuitengeneza zenyewe kwa siku kadhaa. Na kwa kuwa utando huo umefunikwa na utelezi mwembamba unaozuia vitu kupenya, dawa huchanganywa na kiambato kiitwacho Syn3 kinachomfungulia kirusi njia.

Swali linaloulizwa mara nyingi, na ambalo wazee huona haya kuliuliza, ni kama dawa itabadilisha damu ya mtu na kurithiwa na wajukuu. Jeni inayobebwa na kirusi cha adeno hukaa ndani ya seli pembeni mwa kromosomu na haijiungi nazo, na seli za utando wa kibofu huchakaa na kutoka kama seli nyingine za juu. Ndiyo maana taratibu za ufuatiliaji hutofautiana: kwa tiba za jeni zinazojichomeka katika kromosomu, FDA hutaka washiriki wafuatiliwe hata miaka 15, ilhali virusi vya adeno havimo katika kundi hilo. Pamoja na hayo, kwa tahadhari, wanawake wanaoweza kushika mimba huelekezwa kutumia uzazi wa mpango wakati wa tiba na kwa miezi 6 baada ya dozi ya mwisho, na wanaume kwa miezi 3.

Anayetafuta habari za virusi vya adeno mtandaoni atakutana na jina la Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 aliyefariki Septemba 1999 katika jaribio la tiba ya jeni la Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ni vizuri alijue, na mimi sioni sababu ya kulificha. Kijana huyo alidungwa kirusi cha adeno kwenye mshipa mkubwa unaoingia katika ini, kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa, na kinga ya mwili wake ikalipuka. Dawa ya kibofu haidungwi katika damu. Huwekwa ndani ya kiungo kilicho kama mfuko uliofungwa, hukaa saa moja, kisha hukojolewa. Katika jaribio kubwa la nadofaragene hakuna kifo kilichohusishwa na dawa, na madhara yaliyoonekana sana ni majimaji kuvuja mahali pa mpira wa mkojo unaopitishiwa dawa, uchovu, mkazo wa kibofu, haraka ya kukojoa, damu katika mkojo, baridi na homa. Hatari inayobaki ni kwa wenye kinga dhaifu: hao hawaruhusiwi kupewa dawa hii, kuitayarisha, wala kuigusa. Basi usijiangalie wewe peke yako. Kama nyumbani yupo aliyepandikizwa figo au anayepata dawa kali za saratani, mtaje mbele ya daktari.

Kama jaribio uliloalikwa ni la cretostimogene, usitumie maelezo ya hapo juu bila kuyapima upya. Nacho ni kirusi cha adeno, lakini kimeundwa kizaliane ndani ya seli za saratani na kuzipasua, huku kikibeba jeni ya protini nyingine inayoita kinga ya mwili. Tahadhari zake ni zake.

Ulizia jaribio linalinganisha nini na nini

Hapa ndipo ningemwomba msomaji akae zaidi, maana kutoelewana kwingi kati ya wagonjwa na watafiti huanzia hapa.

Mgonjwa mwenye CIS anapopewa dawa, ugonjwa huwa bado upo kibofuni. Miezi mitatu baadaye daktari huingiza kamera, huchukua vipande, na kuona kama ugonjwa umekwisha. CIS haina desturi ya kutoweka yenyewe, kwa hiyo ikitoweka sifa ni ya dawa, na kwa sababu hiyo FDA hukubali jaribio lisilo na kundi la kulinganisha. Nadofaragene iliidhinishwa kwa jaribio la namna hiyo: wagonjwa 157 katika vituo 33 vya Marekani, wote walipewa dawa.

Ugonjwa wa hatari ya kati haupimwi hivyo. Uvimbe umekwisha kukatwa kabla dawa haijaanza. Kibofu ni safi. Mgonjwa akikaa mwaka mzima bila kurudiwa na ugonjwa, nani atajua kama ni kwa dawa au ni kwa mkono wa mpasuaji, au ni kwamba hakuwa miongoni mwa wale ambao ungewarudia? Jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 linaonyesha jambo hili vizuri. Watu 406 waliodhaniwa kuwa na saratani ya daraja la chini waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliwekewa dawa ya kemikali iitwayo gemcitabine kibofuni mara moja tu baada ya upasuaji, wengine maji ya chumvi. Ndani ya miaka 4 ugonjwa ulirudi kwa takriban asilimia 35 ya waliopata dawa, na asilimia 47 ya waliopata maji ya chumvi. Itazame hesabu hiyo kwa upande wa pili: zaidi ya nusu ya watu waliowekewa maji ya chumvi hawakurudiwa. Mtafiti angewapa wote dawa isiyofaa kitu, kisha akatangaza kwamba zaidi ya nusu walipona, asingekuwa amesema uongo hata kidogo, na bado tusingekuwa tumejifunza lolote.

Ndiyo maana ABLE-32 ina makundi mawili. Baada ya upasuaji, kompyuta huwagawa washiriki kwa bahati nasibu: kundi moja hupewa nadofaragene, jingine huwekwa chini ya uangalizi, yaani hupimwa kwa kamera na vipimo vingine kwa ratiba bila dawa hiyo. Hakuna dawa ya bandia. Wewe na daktari mnajua uko wapi. Kinachohesabiwa zaidi ni muda ambao mtu anakaa bila ugonjwa kurudi. Wapo wanaouona uangalizi kuwa ni kutelekezwa, na nawaelewa, lakini kwa wagonjwa wengi wa kundi hili kufuatiliwa kwa kamera ni jambo ambalo madaktari hulifanya hata nje ya jaribio, na ratiba ya utafiti huenda ikawa kali zaidi kuliko ile ya kliniki ya kawaida.

Kuna swali moja la kujiuliza kwa unyoofu kabla hujaendelea: kompyuta ikikuweka upande wa uangalizi, utaridhika? Mtu ana haki ya kujitoa wakati wowote na tiba yake ya kawaida isiguswe, haki hiyo haina mjadala. Hata hivyo anayeingia akiwa amekwisha kuamua moyoni kwamba atatoka asipopata dawa anajipotezea wiki nyingi za vipimo, na kuondoka kwa watu wengi wa kundi moja huharibu ulinganisho ambao jaribio zima limejengwa juu yake. Kwa maoni yangu, mtu wa namna hiyo afadhali aseme hapana mapema na kuulizia yaliyopo nje ya jaribio. Nayo yapo: dawa za kemikali zinazowekwa kibofuni, BCG kwa baadhi ya watu, na tangu Juni 2025 jeli ya mitomycin iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wa daraja la chini wa hatari ya kati unaorudi.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni namna ya kusoma asilimia. Daktari au kipeperushi kinaweza kukuambia kwamba karibu asilimia 46 ya walioitikia nadofaragene walikuwa bado hawana ugonjwa baada ya mwaka. Ni kweli, lakini uliza ni asilimia ya watu gani. Katika jaribio lile walikuwapo wagonjwa 103 wenye CIS. Ugonjwa uliwatoka 55 ndani ya miezi mitatu, sawa na asilimia 53. Kati ya hao 55, 25 ndio waliofikisha mwaka wakiwa salama. Kwa hiyo kwa mtu anayeanza tiba, anayepaswa kujihesabu miongoni mwa wale 103, nafasi ilikuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne. Kwa wagonjwa wenye vinyama visivyo na CIS, ambao walikuwa 48, takriban asilimia 44 walifikisha mwaka bila kurudiwa na ugonjwa wa daraja la juu. Hawa wote walikuwa watu ambao BCG ilikwisha kuwashinda. Takwimu zao haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mtu wa hatari ya kati, wala kwa kumpa matumaini wala kwa kumtisha.

Fomu ya ridhaa, kwa lugha unayoielewa

Sheria za Marekani zinataka maelezo ya utafiti yatolewe kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa, na hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumpatia mkalimani mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri, bila malipo. Mwombe mkalimani wa Kiswahili mapema, kwa simu ya miadi, maana si kila siku anapatikana mtu wa kufika ana kwa ana, na mara nyingi utapewa wa simu au wa video. Sipendekezi mtoto wako au binti wa jirani afanye kazi hiyo hata kama Kiingereza chake ni cha kupigiwa mfano. Habari za mpira wa mkojo na za uzazi wa mpango haziendi vizuri kati ya baba na binti yake, na mambo yatarukwa kwa heshima. Mwanao na aje, akae pembeni, asikilize na kuandika.

Mkalimani akifika, usikubali kusomewa fomu yote kwa mfululizo. Simamisha kila sehemu na urudie kwa maneno yako mwenyewe ulichoelewa, hasa kuhusu kugawanywa kwa kompyuta, kwani hapo ndipo tafsiri huteleza na watu wakadhani daktari ndiye atakayewachagulia kundi linalowafaa. Hakikisha fomu inajibu haya: kundi la uangalizi likirudiwa na ugonjwa litaruhusiwa kupata dawa ya jaribio au litarejeshwa kwenye tiba ya kawaida, baada ya upasuaji dozi moja ya kemikali inaruhusiwa au hairuhusiwi, vipande vitachukuliwa kibofuni hata kamera isipoona kitu, na lini (katika jaribio la awali la nadofaragene vilichukuliwa kwa lazima mwishoni mwa mwaka wa kwanza), damu na mkojo wako vitahifadhiwa kwa muda gani, na nani atavitumia, na ukiumia kwa sababu ya jaribio nani atalipa.

Suala la fedha liulizwe peke yake, kwa afisa wa fedha, na jibu liombwe kwa maandishi. Kwa kawaida mdhamini, yaani anayegharimia jaribio, hulipia dawa inayojaribiwa na vipimo ambavyo ni vya utafiti tu, na bima hulipia yale ambayo ungefanyiwa hata usingeshiriki. Medicare (bima ya serikali hasa ya wazee), bima nyingi za binafsi na, tangu Januari 2022, Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) pia zinatakiwa kulipia gharama hizo za kawaida. Mgogoro hutokea mpakani: kamera ya mwezi wa tisa, kwa mfano, ni ya kawaida au ni ya utafiti? Uliza pia nauli na maegesho ya gari, kwani miaka kadhaa ya kwenda na kurudi si kidogo.

Siku ya kuwekewa dawa

Anayeangukia kundi la dawa ataitwa mara moja kila baada ya miezi mitatu, jambo ambalo ni jepesi ukilinganisha na BCG inayoanza kwa wiki sita mfululizo. Dawa hufika hospitalini ikiwa imegandishwa na huyeyushwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo kuchelewa au kukosa kufika bila taarifa kunaweza kuharibu dozi nzima. Ukiwa na homa, damu katika mkojo au maumivu makali ya kukojoa siku hiyo, piga simu kabla ya kutoka nyumbani. Taja pia kama umewahi kudhurika kwa dawa ya interferoni.

Utakojoa kwanza. Muuguzi huingiza mpira mwembamba wa mkojo, humwaga mabaki yote, kisha huingiza dawa mililita 75 polepole. Huenda ukapewa mapema kidonge cha kutuliza mkazo wa kibofu. Kama hukupewa, uliza, kwa sababu mkazo ndio unaowafanya baadhi ya watu washindwe kuizuia dawa. Baada ya hapo ni saa moja ya kulala kitandani ukigeuka takriban kila baada ya dakika 15: ubavu wa kushoto, wa kulia, chali, kifudifudi. Wazee wenye maumivu ya mgongo au magoti huona sehemu hii ndiyo ngumu kuliko mpira wenyewe. Mwenye tatizo hilo alitaje mapema ili atafutiwe mito na namna ya kugeuzwa, kwani utando usioguswa na dawa ni sawa na utando usiotibiwa.

Mkojo wa baada ya tiba huwa na kirusi. Utaelekezwa kumimina chooni dawa ya klorini, ile tunayoiita jiki, kiasi kinacholingana na mkojo, na kusubiri nusu saa kabla ya kuvuta maji, kwa muda uliotajwa katika maelekezo yako. Keti unapokojoa ili usirushe matone, hata kama ni mwanamume. Nawa mikono. Nyumba yenye choo kimoja na watu wengi ijipange mapema, pengine kwa kukubaliana kwamba choo hakitaingiwa hadi nusu saa iishe.

Kati ya dozi na dozi

Kundi lolote utakaloangukia, ratiba ya kamera ndiyo jaribio lenyewe. Mtu anayekosa miadi ya mwezi wa sita akaja mwezi wa tisa na kukutwa na uvimbe hawezi kujua ulianza lini, na mtafiti naye hawezi. Ukisafiri kwenda nyumbani kwa msiba, harusi au hija, waambie kituo cha utafiti kabla ya kukata tiketi ili tarehe isogezwe ndani ya siku zinazoruhusiwa. Usianze dawa mpya, za hospitali au za mitishamba, bila kuwajulisha. Na kama unavuta sigara, acha sasa: tumbaku ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha ugonjwa huu, na hakuna kundi la jaribio litakalokufidia kwa hilo.

Ukirudi ugonjwa, uliza upesi umerudi katika hatua na daraja gani, maana Ta ndogo ya daraja la chini inaweza kuchomwa kliniki au kukatwa tena bila kishindo, ilhali daraja la juu, T1 au CIS hubadilisha mpango mzima na huenda ikakuhamishia kwenye BCG au mazungumzo ya kuondoa kibofu. Omba barua ya kituo cha utafiti inayoeleza ulipewa nini, mara ngapi na tarehe zipi, pamoja na picha za kamera na ripoti zote za patholojia, na uziweke pamoja. Daktari atakayekupokea, iwe Minneapolis au Dar es Salaam, atazihitaji kabla ya kukuandikia chochote.